Ugumu wa nyama ya ng'ombe wa nundu: kipi cha mbegu, kipi cha mchinjaji

Nyama ya ng'ombe wa nundu ni ngumu kuliko ya ng'ombe wa asili ya Ulaya. Hilo limepimwa maabara mara nyingi, kwa mashine inayokata kipande cha nyama iliyopikwa na kuandika nguvu iliyotumika. Kituo cha utafiti wa mifugo ya nyama cha Clay Center, jimbo la Nebraska, Marekani, kilichanganya mbegu za kila aina kwa miaka mingi na kikaona jambo lile lile: damu ya zebu, yaani huyo ng'ombe wa nundu, ikizidi, wembe wa mashine unahitaji nguvu zaidi, na tofauti baina ya mnyama mmoja na mwengine nayo inazidi. Kwa hiyo anayewasha kuni Bumbwini au Wete na kusubiri saa tatu nzima nyama iive hajasingizia kitu.

Kinachonishughulisha ni swali jengine. Ugumu ule unatoka wapi khasa, na sehemu gani yake ng'ombe amezaliwa nayo? Kwa sababu kila mazungumzo ya ufugaji hapa Zanzibar yanaishia kwenye dawa moja, "tubadilishe mbegu", kana kwamba dume mgeni akishapanda, sufuria nayo itaiva mapema. Kwenye maziwa dawa hiyo imefanya kazi. Kwenye nyama mambo yamekaa vyengine.

Tuanze na nyama yenyewe. Nyama ni msuli, na ndani ya msuli mna vitu viwili vinavyoweza kumchosha mtafunaji. Kimoja ni nyuzi, zile zinazojikunja na kujinyoosha ng'ombe anapotembea. Kingine ni utando mweupe unaozifunga nyuzi hizo mafungu kwa mafungu, uliotengenezwa kwa protini iitwayo kolajeni. Watu huvichanganya viwili hivi, na ubishi mwingi wa barazani unaanzia hapo, maana kila kimoja kina sababu yake na dawa yake.

Kolajeni ni habari ya umri na ya pahala nyama ilipokatwa. Sarara ina kolajeni kidogo, mguu una nyingi. Ng'ombe akiwa mdogo, vifungo vya kolajeni yake ni vichache na huachia vikipata moto, vikageuka ule ute unaonata midomoni mtu anapokunywa supu ya makongoro. Mnyama akizeeka vifungo vinazidi na vinakuwa sugu kwa joto. Dume aliyevuta gari la mchanga na matofali miaka na miaka, akichinjwa siku nguvu zinapomwishia, atakuwa na kolajeni ambayo moto wa saa moja hauifanyi kitu. Hapo mbegu haihusiki sana. Ukilinganisha zebu na ng'ombe wa Ulaya wa umri mmoja, waliolishwa sawa, tofauti ya kolajeni baina yao ni ndogo mno kuweza kueleza pengo linaloonekana kwenye mashine. Wakati huo huo, sharia ya udhiya inataka ng'ombe awe amekamilisha miaka 2, na kwa mtazamo wa kolajeni tu huo ni umri mzuri sana wa kumla ng'ombe. Wengi tunaowapata buchani wameupita mara tatu.

Pengo la mbegu limo kwenye nyuzi, nalo hujitokeza baada ya mnyama kufa.

Moyo ukisimama, msuli haujui kuwa umekufa. Unaendelea kutumia akiba yake ya sukari, iitwayo glikojeni, na kwa kuwa hakuna tena pumzi inayoingia, sukari hiyo huishia kuwa asidi. Kipimo cha pH, ambacho hushuka asidi inapozidi, huwa karibu na 7 kwa mnyama hai, na sasa huteremka taratibu hadi kiasi cha 5.5. Nishati ikimalizika, nyuzi hushikana na kufunga, na nyama hukakamaa. Kwa ng'ombe, kukakamaa huko hukamilika ndani ya siku ya kwanza. Nyama ya saa hizo ndiyo ngumu kuliko zote, awe zebu, awe ng'ombe wa mfalme wa Uingereza.

Baada ya hapo huanza kazi ya kulainika. Ndani ya msuli mna kimeng'enya kiitwacho kalpaini. Kalsiamu iliyokuwa imehifadhiwa kwenye vyumba vyake huvuja, kalpaini huzinduka, na huanza kukata zile protini zinazozishikilia nyuzi mahala pake. Nyama iliyotundikwa kwenye chumba cha baridi, isiyogandishwa, hupata sehemu kubwa ya ulaini wake ndani ya siku 7 mpaka 14 kwa kazi hiyo. Lakini kalpaini haifanyi kazi bila ya nyapara. Ipo protini nyengine, kalpastatini, ambayo huishika na kuizuia. Zebu ana kalpastatini nyingi zaidi kwenye msuli wake. Hiyo ndiyo siri kubwa ya mbegu: nyuzi zake hazikuumbwa ngumu kuliko za wenzake, ila kazi ya kuzikatakata inazuiliwa zaidi.

Maelekezo ya kutengeneza protini hizi mbili yamo kwenye jeni mbili. Ile ya kalpaini iko kwenye kromosomu ya 29 ya ng'ombe, ya kalpastatini iko kwenye kromosomu ya 7. Mwaka 2002 watafiti wa Marekani walitangaza kuwa tofauti za herufi moja moja za DNA katika jeni ya kalpaini zinakwenda sambamba na tofauti za ulaini, na haikuchukua muda kampuni zikaanza kuwauzia wafugaji vipimo vya DNA. Kuna jambo hapa ambalo anayetuuzia mbegu kwa kitabu cha picha hatatwambia. Namna nzuri za jeni zilizotambuliwa mwanzo zilikuwa za kawaida kwa ng'ombe wa Ulaya na adimu kwa zebu. Kipimo kilichotengenezwa kwa kuwatazama Angus, ng'ombe wa nyama wa Ulaya, kikiletwa kwa ng'ombe wa nundu hakina cha kuchagua, maana karibu wote wanatoka na jibu moja. Ilibidi itafutwe alama nyengine katika jeni ile ile, iliyotangazwa mwaka 2005, inayofaa kwa makundi yote mawili.

Sasa rudi kwenye neno "siku 7 mpaka 14" ulitie kwenye maisha yetu. Ng'ombe anachinjwa alfajiri. Jua likichomoza nyama iko Darajani au inatundikwa bucha la mtaani, na adhuhuri iko motoni. Kalpaini haijapata hata siku moja ya kufanya kazi. Ikiwa kimeng'enya hakikupewa nafasi, basi wingi au uchache wa kile kinachokizuia hauna uzito mkubwa. Sehemu kubwa ya faida aliyonayo ng'ombe wa Ulaya hujengeka ndani ya siku zile za kutundikwa, siku ambazo hapa kwetu hazipo. Mtu anaweza kuleta mbegu ya ng'ombe mwenye jeni nzuri kuliko zote duniani, akamchinja alfajiri na kumpika adhuhuri, akala nyama iliyokakamaa ya ng'ombe ghali.

Nyama ya Idd el Hajj ina balaa jengine juu ya hilo. Vipande hukatwa mnyama angali na joto, hugawiwa, na kinachobaki hutiwa friza pale pale. Msuli ulioondolewa kwenye mfupa kabla ya kukakamaa hauna kinachouzuia kusinyaa. Ukipigwa na baridi chini ya nyuzi joto 10 hivi kabla asidi haijapanda, unajikunja kwa nguvu na unabaki hivyo. Waliolieleza jambo hili vizuri ni watafiti wa New Zealand, Locker na Hagyard, mwaka 1963, nchi yao ilipokuwa ikisafirisha nyama ya kugandisha kwa meli. Nyama iliyogandishwa mapema mno husinyaa vibaya zaidi siku ya kuyeyushwa. Ndiyo maana mfuko wa nyama ya Idd unaotolewa friza wiki mbili baadaye unaweza kuwa mgumu kuliko uliopikwa siku ile ile, na zebu wa watu akalaumiwa kwa kosa la friza. Kuiacha nyama ikae kwa saa kadhaa pahala penye ubaridi wa wastani, vipande vikubwa na mfupa wake, kabla ya kuigandisha, hakugharimu kitu.

Hapa inabidi niingize habari ya nguruwe, na msomaji asiyemla anivumilie, kwa sababu hakuna mnyama ambaye njia kutoka kwenye jeni hadi kwenye sahani imechimbuliwa kwa uwazi kama yeye. Wafugaji wa Ulaya walichagua nguruwe wenye misuli minene na mafuta kidogo, wakiwemo wa Pietrain kutoka Ubelgiji. Pamoja na misuli wakajikuta wamechagua kitu chengine wasichokitaka. Nguruwe wengine walikuwa wakifa garini njiani kwenda machinjioni, na waliofika salama walitoa nyama iliyopauka, laini kama tope na yenye kuvuja maji. Waligundua kuwa mnyama mwenye tatizo hilo akivutishwa gesi ya usingizi iitwayo halothani, hukakamaa viungo. Mwaka 1991 watafiti wa Kanada walimpata mkosaji: herufi moja tu iliyobadilika katika jeni ya mlango unaopitisha kalsiamu ndani ya msuli. Mlango haufungi vizuri, kalsiamu inamwagika, msuli unaichoma akiba yake yote kwa pupa, na asidi inapanda wakati nyama bado ina joto la mwili. Joto na asidi vikikutana hivyo, protini zinaharibika na haziwezi tena kushika maji. Kipimo kikapatikana, na wafugaji wakaanza kuisafisha jeni hiyo kwenye makundi yao.

Mwaka 2000 ikapatikana jeni ya pili, safari hii kwa nguruwe wa Hampshire, inayojaza glikojeni kwenye msuli kwa kiasi cha asilimia 70 zaidi ya kawaida. Akiba ikiwa nyingi namna ile, asidi ya mwisho inakuwa kali, na nyama ikipikwa inapungua uzito kwa kupoteza maji.

Hadithi hizi zinavutia kwa sababu zina mkosaji mmoja, na zinawafanya watu waamini kuwa kila sifa ya nyama ina jeni yake moja inayosubiri kunaswa. Ulaini wa nyama ya ng'ombe hauko hivyo. Jeni mbili nilizotaja zina mchango, lakini nyuma yake zipo nyingi zenye athari ndogo ndogo, kila moja ikisukuma kidogo. Ukitafuta mfano wa jeni moja yenye nguvu kwa ng'ombe utakutana na Belgian Blue, yule mwenye misuli iliyotutumka. Mwaka 1997 ilithibitishwa kuwa amepoteza herufi 11 kwenye jeni inayoweka mpaka wa ukuaji wa msuli. Nyama yake ni laini kweli. Lakini ndama wake huzaliwa wakubwa, na huko Ubelgiji wengi hutolewa kwa upasuaji. Mbegu hiyo ukimpandisha mtamba mdogo wa zebu kijijini, ambako daktari wa mifugo hawezi kufika usiku na vifaa vya upasuaji, unaweza kumpoteza mama na ndama pamoja.

Kuna kipimo ambacho wataalamu hupenda kukitaja na wasikilizaji hukipokea vibaya: urithikaji. Kwa ulaini wa nyama, makadirio mengi huangukia karibu na robo. Hii haina maana kuwa robo ya ugumu wa nyama iliyo mbele yako ni ya jeni. Maana yake ni kuwa, ukichukua kundi moja la ng'ombe na ukatazama kwa nini huyu ametoka laini na yule mgumu, robo hivi ya tofauti hizo inaelezwa na urithi waliopata kwa wazazi wao, na iliyobaki ni chakula, umri, namna walivyochinjwa na mengineyo. Robo si haba. Mafuta yaliyosambaa ndani ya nyama yana urithikaji mkubwa zaidi, na Wajapani na ng'ombe wao wa Wagyu wameonyesha mtu anaweza kufika wapi akichagua kizazi baada ya kizazi. Ila ulaini una shida yake: huwezi kuupima kwa dume hai. Unampima kwa kuwachinja watoto na ndugu zake, ukaandika nani ni mtoto wa nani, ukangoja. Mwenye ng'ombe 4 waliofungwa chini ya minazi hawezi kufanya kazi hiyo peke yake, na hata wenye 40 wanahitaji daftari ambalo wengi hawana.

Sifa moja inayoonekana kwa macho, bila ya maabara, ni tabia ya mnyama. Watafiti wa Colorado walichapisha mwaka 1997 matokeo ya kuwatazama ng'ombe chotara wa zebu wakiwa kwenye kizimba: waliokuwa wakiruka na kuhangaika walitoa nyama ngumu zaidi, na nyama yao ilielekea weusi mara nyingi zaidi. Ukali na utulivu navyo hurithiwa kwa kiasi cha kuridhisha. Hili lina mzaha wake Pemba, ambako mchezo wa ng'ombe umedumu, na watu husema tuliachiwa na Wareno. Dume anayesifiwa uwanjani ni yule asiyestahimili kitambaa mbele ya macho yake. Anayetafuta dume wa mchezo na anayetafuta dume wa nyama laini hawawezi kugombania mnyama mmoja.

Lakini hata mpole akisumbuliwa vya kutosha huharibika. Ng'ombe wengi tunaowala wanavushwa kutoka Bara. Amepanda gari, amesimama bandarini juani, amevuka bahari amebanwa na wenzake asiowajua, huku kiu imemshika. Glikojeni yake imekwisha kabla kisu hakijamfikia. Akichinjwa katika hali ile hakuna sukari ya kugeuka asidi, pH inabaki juu ya 6, na nyama inatoka nyeusi, kavu, inanata, na inaoza haraka kuliko nyengine. Ng'ombe huirejesha akiba hiyo polepole, kwa siku na si kwa saa, tena akiwa ameshiba na ametulia. Ukiona nyama nyeusi buchani usiseme ni mbegu mbaya. Hiyo ni safari.

Damu ya Ulaya, kwa kweli, tunayo tayari. Unguja ilitangazwa huru na mbung'o, nzi anayewaambukiza ng'ombe maradhi, mwaka 1997, baada ya nzi madume tasa waliozalishwa Tanga kumwagwa kwa ndege juu ya kisiwa mpaka wale wa porini wakakosa wa kuzaa naye. Mbung'o wa mwisho alinaswa mwaka 1996. Baada ya hapo ikawa rahisi kufuga ng'ombe wa maziwa pahala palipokuwa na hatari, na kupandisha kwa chupa, bila ya dume mwenyewe kuwepo, kukaongeza Jersey, Ayrshire na Friesian kwenye mazizi. Hawa wote ni ng'ombe wasio na nundu, na Jersey khasa anajulikana kwa nyama laini. Dume chotara aliyezaliwa kwenye zizi la maziwa ana nusu ya jeni ambazo watu wanataka kuziagiza kutoka mbali. Shida ni kuwa mama yake anafika buchani akiwa amekamuliwa mpaka uzeeni, kolajeni imeshakaza, na faida ya mbegu imeliwa na umri. Tena chotara anahitaji kuogeshwa dawa ya kupe bila ya kukosa, maana ndigana kali humuua upesi, wakati zebu wa kienyeji huistahimili vizuri zaidi. Sifa ile ya kubaki hai ni jeni pia, na mimi nisingeibadilisha na ulaini.

Jikoni tumekuwa tukiizunguka habari yote hii bila ya kuijua. Papai bichi linalosagwa na kupakwa nyama ya mishkaki lina kimeng'enya kiitwacho papaini, na tangawizi inacho chake. Papaini hukata nyuzi na hukata utando, hufanya kazi kwa nguvu zaidi nyama inapofika nyuzi joto 60 mpaka 70 juu ya makaa, na kubwa zaidi, kalpastatini haiwezi kuizuia. Ile inaijua kalpaini tu. Mishkaki ya Forodhani kwa hiyo haiulizi ng'ombe alikuwa na nundu au hana. Ukizidisha papai, au ukaiacha nyama nalo usiku kucha, inageuka uji, na huo ni ugonjwa usiotibika. Boko boko nayo inalimaliza suala kwa mwiko: nyama inapondwa pamoja na ngano mpaka hakuna uzi uliobaki wa kulalamikiwa.

Ningekuwa na fedha za kutumia kwenye jambo hili, ningezigawa hivi. Kwanza chumba cha baridi machinjioni, na ng'ombe atundikwe kwa mfupa wa nyonga badala ya kisigino, mbinu ya Texas ya miaka ya 1970 inayoyanyoosha mapaja na mgongo yasisinyae wakati wa kukakamaa. Inahitaji ndoano na mtu wa kuiweka pahala pake, basi. Kisha zizi la kupumzikia karibu na bandari, lenye maji na majani. Kisha kununua madume chotara wa miaka 2 au 3 badala ya kungoja wazeeke. Mbegu ya kuagiza ningeiweka nyuma kabisa, na hata hapo ningeanza kwa kuchagua wapole ndani ya zebu wetu wenyewe.

Ila hakuna anayelipwa kwa kufanya hivyo. Buchani steki na nyama ya mifupa zina bei zake, lakini steki ya ng'ombe mdogo na steki ya mzee wa gari zinauzwa sawa, na hoteli inayotaka nyama ya kutafunika huagiza kutoka nje ya visiwa. Mchinjaji anayekuja zizini humkadiria ng'ombe kwa jicho, uzito wake na nyama yake, akataja bei. Kwa jicho hilo dume mkubwa ndiye mwenye thamani, na kwa zebu, anayechelewa kukua, dume mkubwa mara nyingi ni dume mzee.